Harufu ya Kaa Ndani ya Kozi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya pili ya mfungo wa Ramadhani. Mvua ya kwanza ya masika imenyesha asubuhi, kidogo tu, ya kutujulisha kwamba iko njiani. Na Mzee Yusufali ameondoka.

Hakuondoka kwa ugomvi, na hilo ndilo linaloniudhi. Alikuja ofisini mwenyewe, akauliza hali ya Mama, akauliza maandalizi ya harusi ya mdogo wangu Lulu, kisha akasema anataka kurudisha fungu lake la ndege. Nikamuuliza, "Tumekukosea wapi, mzee wangu?" Akatabasamu. "Aa, hamna neno, mwanangu. Mambo tu."

Mambo gani? Mwaka juzi watu kumi na wawili walichanga wakanunua ndege moja, ya injini moja na viti tisa, tukaiita Kozi, kama yule ndege mwindaji. Bwana Mahmoud ndiye anayeiendesha kampuni. Kila mwenye fungu akiitaka ndege anatoa taarifa siku moja kabla, anaikuta uwanjani kwetu Zinga imewashwa, anakwenda Unguja, Mafia, Tanga, anakotaka. Kazi yangu mimi, hapa ofisini mjini Bagamoyo, ni kupokea simu zao na kuhakikisha hawaondoki. Yusufali ni wa tatu kuondoka tangu mwaka uanze. Wote watatu wamesema hamna neno.

Bosi amesema tukishuka chini ya sita, Kozi inauzwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kubwa. Nimekwenda Zinga kupeleka vitambaa vipya vya viti. Nimemkuta Amin, rubani wetu, amepiga magoti ndani ya ndege anasugua zulia kwa sabuni ya unga na ndimu. Aliponiona alishtuka kama mtoto aliyefumaniwa kwenye chungu.

"Kuna nini, Amin?"

"Hamna, shemeji. Mteja kamwaga chakula."

Ananiita shemeji kwa sababu ndiye anayemuoa Lulu, Idi ikipita. Nikamjibu sawa, nikatoka. Nimefika njia kuu ndipo akili ikanijia: mteja gani anakula mchana ndani ya ndege, Ramadhani hii, tena wiki yenyewe ya kwanza?

Ijumaa, 7 Machi

Ndege iko Dar, matengenezo. Nimewapigia simu wawili waliokuwa wameiomba. Hamna neno, wamesema.

Jumanne, 11 Machi

Matengenezo tena. Bosi anasema unyevu wa masika unaingia kwenye injini, lazima ikaguliwe kila mara. Mimi injini siijui, mimi najua simu. Nimempigia Mzee Abdulazizi, mwenye mashamba ya chumvi, aliyekuwa anataka kwenda Tanga kumwona dada yake. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mungu atajaalia." Kunyamaza kule sikukupenda.

Ijumaa, 14 Machi

Mwingine ameondoka. Tumebaki wanane. Ameniletea na tende.

Mtu anakuacha halafu anakuletea tende! Nimeziweka mezani nikazitazama hadi saa ya kufuturu. Mama akasema, "Zuhura, hizo ni tende, si jini." Lakini nimeshafikia uamuzi. Watu wanne, wenye fedha zao na majina yao, hawawezi kuondoka kimya kimya bila mtu kuwavuta. Kuna anayewanong'oneza. Na anayekaa nao hewani, masikio kwa masikio, ni mmoja tu.

Jumapili, 16 Machi

Amin amekuja kufuturu kwetu. Adabu zake zimezidi. Anakula anaangalia sahani. Zamani alikuwa akinitania kwamba nina pua ya mbwa wa polisi. Leo hakunitania hata mara moja. Lulu alitangaza kwamba makochi ya nyumba yao yako tayari, mekundu, yenye miguu ya kuchonga. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yametoka duka gani?" Amin akajibu, "Ni kaka yangu kayatengeneza." Nikasema mashallah. Moyoni nikasema, haya, tutaona.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimemsindikiza Bi Ezmina hadi uwanjani kwa sababu simwamini tena mtu yeyote na wateja wangu. Bi Ezmina ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi Dar na nyumba ya mapumziko hapa ufukweni. Alikuwa anampeleka mama mkwe wake Unguja. Alipopanda ngazi tu alisimama. Akavuta mtandio wake, taratibu, akaufunika mdomo na pua. Mama mkwe akafanya vilevile. Wakaketi hivyo hivyo, kama wako karibu na jalala.

Nikaingia mimi nyuma yao. Harufu ilikuwa ya tope la mikoko, chumvi, na kitu kilichokufa. Nikamtazama Amin. Amin akatazama saa zake na mitambo yake.

"Bi Ezmina, samahani sana, kuna..."

"Hamna neno, mwanangu," akasema ndani ya mtandio.

Laiti angenifokea! Nilitamani anifokee mbele ya watu. Mtu akikufokea unajua pa kushika. Hii hamna neno yao ni sawa na mlango uliofungwa kwa komeo, na wewe uko nje unanyeshewa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepata.

Ndege ilirudi jioni kutoka kwenye kile kinachoitwa matengenezo. Sikumuaga mtu, nikapanda bodaboda kwenye mvua hadi Zinga, nikangoja Amin aingie kuswali. Nikaingia ndani, nikainama, nikapapasa chini ya viti. Chini ya kiti cha mwisho kulikuwa na gando la kaa, kubwa kama ngumi yangu, limefungwa kwa kamba ya ukindu. Yeyote aliyewahi kusimama pwani anajua maana yake. Kaa wa kwenye mikoko hufungwa magando akiwa hai ili asafirishwe hai, asimkate mtu wala asikatane na wenzake.

Nimelifunga kwenye mfuko wa rambo nikalitia mkobani. Njia nzima mkoba wangu ulinuka. Sisi nyumbani hata hatuli kaa.

Sasa kila kitu kimejipanga. Amin anairusha ndege ya watu kwa siri, anabeba kaa kutoka huko Mafia, anawapelekea wanunuzi. Wateja wananusa, wanaondoka. Makochi mekundu! Miguu ya kuchonga! Nilikuwa na hasira, na nikiri, na furaha pia, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimejua.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekaa na jambo hili siku mbili nzima nikimwangalia Lulu. Anashona mashuka ya harusi. Anaimba. Nilijiambia ningojee harusi ipite. Kisha nikajiambia, ukingoja utamwoza mdogo wako kwa mwizi ukijua.

Nikaingia kwa Bwana Mahmoud nikaweka gando mezani.

Alilitazama. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji wa paa. Nikamweleza yote, zulia, ndimu, mtandio wa Bi Ezmina. Sikuruka kitu.

"Umemwambia nani mwingine?" akauliza.

"Hakuna, bosi."

Akainuka akafunga mlango. Nilidhani atapiga meza. Badala yake akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Zuhura, umefanya jambo la maana sana. Shemeji yako huyo. Si kila mtu angeweza."

"Bado hajawa shemeji," nikasema.

"Basi Mungu amewaepusha." Akalichukua gando kwa karatasi akalitupa kwenye pipa lake, akanawa mikono.

Nimerudi nyumbani nikashindwa kumwangalia Lulu usoni. Nimemwambia kichwa kinauma. Kweli kinauma.

Jumanne, 25 Machi

Amin amefukuzwa. Bosi alimwita ofisini, mlango wazi, mimi nikiwa mezani kwangu. Akamwambia umeitumia ndege ya wenyewe kwa biashara yako ya kaa. Nilingoja Amin akane. Nilijiandaa kwa viapo, kwa machozi, kwa "wallahi si mimi".

Hakusema kitu. Alimtazama Bosi, kisha akanigeukia akanitazama mimi, muda mrefu, mtazamo wa mtu anayepiga hesabu asiyoiamini. Akaweka funguo mezani kwangu, si kwa Bosi, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha na hakufungua mwavuli.

Mwenye haki angesema neno. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumatano, 26 Machi

Lulu amejua. Amejua pia ni nani aliyesema. Hatuzungumzi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama alikuwa amemwekea Amin sahani ya biriani kama desturi ya mkwe. Imefunikwa kawa hadi alasiri. Kisha Mama mwenyewe akainuka akaimimina sufuriani. Mji mzima unasema rubani wa Kozi ni mwizi. Sijui umesikia wapi. Mimi sikumwambia mtu, kwa hiyo ni Bosi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilidhani wateja watafurahi. Niliwapigia mmoja mmoja: Idi njema, tumepata rubani mpya kutoka Arusha, yule aliyekuwa anaharibu ameondoka. Wawili wakarudisha mafungu siku hiyo hiyo. Mmoja ni mtu niliyekuwa namhesabu kama nguzo. Tumebaki sita, pale pale kwenye mstari wa Bosi.

Kwa nini sasa? Nimesafisha nyumba, na wageni ndio wanakimbia.

Jumanne, 8 Aprili

Matengenezo. Mvua siku nzima.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda Zinga kumpelekea rubani mpya sare zake. Nimechungulia ndani ya ndege.

Harufu ipo.

Jumapili, 13 Aprili

Ipo, tena mbichi. Si ya mwezi uliopita. Nimejaribu kujidanganya kwamba imeshika kwenye viti. Vitambaa vya viti nilivibadilisha mimi mwenyewe baada ya Idi.

Amin hayupo. Kaa wanapandaje ndege?

Jumanne, 15 Aprili

Mzee Abdulazizi amekuja. Nilipomwona mlangoni na mfuko wa chumvi mpya mkononi nilijua, kwa sababu sasa najua maana ya zawadi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akauliza hali ya Mama. Kisha akaanza: "Mwanangu, lile fungu langu..."

Nikafanya jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima. Nikamkatiza.

"Mzee, usiniambie hamna neno. Nakuomba kwa haki ya marehemu baba yangu. Uniambie."

Alitazama chini. Alizungusha kofia yake ya kiua magotini.

"Unakumbuka siku niliyotaka kwenda Tanga kwa dada yangu?"

"Nakumbuka. Ndege ilikuwa Dar, matengenezo."

"Ndivyo ulivyoniambia. Nilikuwa nimesimama kwenye chumvi yangu, simu bado iko mkononi. Ikanipita juu ya kichwa. Ilikuwa chini kwa ajili ya mawingu, mwanangu, niliona ile michirizi ya kijani ubavuni kama ninavyokuona wewe. Inatoka kusini, inakwenda Unguja. Dada yangu alifariki siku ya tatu yake. Sikumkuta."

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Ningekwambiaje? Nimwambie mtoto wa Bwanausi, niliyemzika baba yake kwa mikono hii, kwamba wewe ni mwongo? Usoni? Wenzangu nao waliiona, mmoja Mbegani, mwingine Unguja kwenyewe, inashusha matenga. Kila mtu alijisemea, huyu binti kaagizwa. Tukaondoka kwa heshima, tusikuvunjie."

"Na waliobaki? Walibaki kwa nini?"

"Kwa yule kijana, Amin. Hakuwahi kutuambia kitu. Lakini kila akitusalimu alikuwa anaangalia chini. Tukajua mle ndani yumo mtu mmoja bado anaona aibu, tukasema tusubiri. Alipofukuzwa yeye tukasema basi, waliobaki hawana haya."

Waliobaki. Ni mimi na Bosi.

Alipoondoka niliingia kwa Bwana Mahmoud bila kubisha hodi. Nikamuuliza kaa ni wa nani. Hakukana. Alionekana hata amepumzika kidogo, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. "Wa kwanza walipoondoka mwanzo wa mwaka ni biashara zao zilikuwa zimeyumba, si kosa langu," akasema. "Lakini mafuta ya ndege hayapungui kwa sababu wateja wamepungua. Rubani analipwa, uwanja unalipiwa. Mtu wa Mafia akaniletea kaa. Kaa hadai kiti cha dirishani, Zuhura. Kaa hakupigii simu."

"Na ndiyo maana waliobaki wakaondoka."

"Ndipo nikahitaji kaa zaidi," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, nusu dakika hivi. Kisha nikakumbuka funguo za Amin mezani kwangu.

"Ulimwita mwizi mlango ukiwa wazi."

"Wewe ndiye uliyemleta ameshafungwa magando," akasema Bosi. "Mimi nilimpokea tu."

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda Mbegani kwa kina Amin. Amekaa uani chini ya bati, mvua inapiga, anafungua mashine ya boti ya mtu. Kaka yake seremala alikuwa kando anapiga randa. Makochi mekundu yako barazani, yamefunikwa nailoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamweleza ninachokijua. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kufuta parafujo zake.

"Kwa nini hukusema kitu siku ile?" nikauliza. "Neno moja tu, Amin!"

"Ningesema nini, shemeji? Wewe ndiye uliyekuwa unawapigia simu. Kila nikirudi kutoka kupeleka kaa nasikia Zuhura kawaambia watu ni matengenezo. Nilijua unajua. Nilijua mko wote wawili, wewe na Bosi, na kwamba mmetaka kunitupia mimi. Nikisema mwongo ni Bosi, lazima niseme na nani alikuwa anaupeleka uongo. Nimtaje dada yake Lulu mbele ya watu?"

"Uliniona hivyo kwa muda wote huo?"

"Tangu kabla ya mfungo. Usiku wa kufuturu kwenu nilikuwa najiuliza naoa nyumba gani." Akaweka parafujo chini. "Bosi nilimwambia Idi ikiisha sibebi tena. Akasema sawa. Halafu wewe ukaleta gando."

Kwa hiyo nilikuwa namchunguza, naye ananichunguza. Mimi naona makochi, yeye anaona simu. Tumekula sahani moja, kila mmoja akimhesabu mwenzake kuwa mwizi, na wote wawili tukisema karibu, ongeza mchuzi.

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, kwa haraka, ile haraka ya adabu. Nikamwambia sitaki unisamehe hivyo. Akafikiri. Akasema, "Radhi yangu haina kazi, shemeji. Mama yangu haendi sokoni. Anaona haya. Watu wamwambie yeye kwamba sikuiba."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua imekatika asubuhi. Bosi alikuwa amesimama dirishani na chai yake simu ilipolia. Ni Bi Ezmina. Anaitaka ndege kesho. Nikafunika simu, nikamwambia Bosi. Hata hakugeuka. "Matengenezo," akasema.

Nikafunua simu.

"Bi Ezmina, kesho haiendi matengenezo. Inakwenda Mafia kubeba kaa. Na siku zote nilizokwambia matengenezo ilikuwa imebeba kaa. Mimi sikujua, lakini nilipaswa kujua, kwa sababu harufu niliisikia mimi mwenyewe nikaamua ni ya mtu mwingine. Amin hakuiba kitu. Alitumwa, na nimemsingizia mimi."

Bosi alikuwa amegeuka sasa. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani. Nikangoja ile hamna neno, na nilijua ikija hiyo kila kitu kimekwisha.

"Wewe mtoto," akasema Bi Ezmina, "una wazimu?"

Na akaanza. Alinigombeza kuhusu gauni lake lililonuka mpaka akalitupa. Alinigombeza kuhusu mama mkwe wake aliyetapika Unguja na kumwambia hii ndiyo ndege yako ya fahari. Alinigombeza kuhusu adabu, kuhusu amana, kuhusu baba yangu angesema nini. Akauliza, "Na mtoto wa watu mliyemtangaza mji mzima, nani atakayemsafisha?" Nikasema mimi. Akasema, "Kwa mdomo gani?" akaendelea pale pale. Sikio lilinichoma. Nilikuwa nalia na sikutaka aache. Katika watu kumi na wawili, kwa miaka miwili, huyu ni wa kwanza kunigombeza.

Alipochoka akasema, "Kesho napita kwa mama yake huyo kijana. Unifuate. Utayasema haya haya mbele yangu." Akakata.

Bosi ameniambia niache funguo niende. Nimemwambia naacha, ila simu ni yangu na namba zote ziko kichwani. Nimekaa kwenye ngazi za nje, juani. Wamebaki kumi na mmoja wa kupigiwa, walioondoka na waliobaki. Lulu amepita na kikapu cha sokoni, akasimama, akaona uso wangu. Ameketi ngazi ya chini yangu, mgongo umenigeukia, lakini ameketi.

Anayefuata ni Sagar wa Chalinze, mwenye malori. Wanasema hakuna mwenye mdomo mchafu kama wake njia nzima ya Morogoro. Nimemchagua kwa makusudi. Inaita.